Gari Likikataa Gia: Tupime Kwanza Kabla ya Kufungua Giaboksi



Vikundi vingi vya kujisaidia vijijini vina gari. Mara nyingi ni pikapu kuukuu iliyonunuliwa kwa michango ya miaka mingi. Ndiyo inayopeleka maziwa barabarani, ndiyo inayobeba mboga hadi sokoni, ndiyo inayoleta saruji ya tangi la maji, na usiku ndiyo inayomkimbiza mama mjamzito hospitali. Siku gari hilo likikwama, kikundi kizima kimekwama.

Nilikuwa nikikitembelea kikundi kimoja cha akina mama chenye pikapu ya namna hiyo. Asubuhi moja dereva alishindwa kuingiza gia ya kwanza. Akijaribu revasi, gari lilipiga kelele "krrrr" mpaka majirani wakatoka nje. Fundi aliitwa, akasikiliza ile kelele, akasema, "Mama, hii giaboksi imekwisha. Tafuteni ingine." Wanachama walikaa kikao siku hiyo hiyo. Wakatoa pesa walizokuwa wameweka kwa ajili ya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, wakanunua giaboksi ya mtumba. Ikafungwa. Gari likatembea siku tatu, kisha siku ya nne gia zikakataa tena, kelele ile ile.

Walipoita fundi wa pili, huyo hakuanza na spana. Aliomba aketi kwenye kiti cha dereva, akajaribu gia injini ikiwa imezimwa, akajaribu tena injini ikiwa inanguruma, halafu akainama akatazama chini. Kilichoharibika kilikuwa kimpira kidogo ndani ya silinda ya klachi, cha ukubwa wa kifuniko cha soda. Giaboksi ya kwanza ilikuwa nzima muda huo wote. Kikundi kilikuwa kimejenga ukuta mzima, na ufa ukabaki pale pale.

Sisemi fundi wa kwanza alikuwa mwizi. Shida ni kwamba hakuna aliyempima mgonjwa kabla ya kumpasua. Kwa hiyo leo tutajifunza kupima. Hutakuwa fundi kwa kusoma ukurasa huu, lakini utajua ni swali gani la kuuliza kabla ya mweka hazina kufungua kisanduku.

1. KLACHI NA GIABOKSI HUFANYA KAZI GANI?

Injini ikishawaka huzunguka wakati wote. Magurudumu nayo lazima yaweze kusimama. Kitu kinachounganisha na kutenganisha hivi viwili ni klachi.

Shika sahani katikati ya viganja vyako viwili na ubane. Ukizungusha viganja, sahani inazunguka. Ukilegeza, viganja vinaendelea lakini sahani inasimama. Klachi iko hivyo. Kiganja kimoja ni flaiwili ya injini, kiganja cha pili ni presha pleti yenye springi kali, na sahani ya katikati ni klachi pleti, ambayo imeunganishwa na giaboksi. Dereva akikanyaga pedali, presha pleti hulegeza na sahani ikabaki huru.

Nguvu ya mguu hufikaje huko? Katika magari mengi hupitia kwenye mafuta. Pedali husukuma silinda ya juu, mafuta yakakimbia kwenye paipu mpaka silinda ya chini iliyo kando ya giaboksi, nayo ikasukuma foku, na foku ikasukuma beringi inayokandamiza springi. Magari mengine hayatumii mafuta, hutumia waya wa chuma kama ule wa breki ya baiskeli.

Ndani ya giaboksi kuna meno ya gia yaliyopangwa mawili mawili. Ukisukuma leva ya gia, kuna kola inayoteleza na kuifunga gia uliyoichagua kwenye shafti yake. Lakini shafti na gia huwa na mwendo tofauti. Kwa hiyo kuna pete ya shaba, ambayo mafundi huiita sinkro. Hiyo hugusa kwanza na kulinganisha mwendo ndipo meno yaingiane. Mmewahi kumwona makanga akipanda matatu inayoondoka? Harukii tu. Hukimbia kando yake kwanza, na miguu yake ikishalingana na gari, ndipo hushika mlango. Sinkro ndiyo makanga wa giaboksi. Revasi katika magari mengi ya zamani haina sinkro, ndiyo maana ni ya kwanza kulalamika.

Sasa mtaona jambo moja muhimu. Klachi ikishindwa kuachia, sahani huendelea kuzungushwa na injini, na meno ya giaboksi hayatulii. Gia zitakataa na kulia hata kama giaboksi ni mpya kutoka kiwandani. Kelele hutoka kwenye giaboksi, lakini kosa ni la klachi.

2. KIPIMO CHA KWANZA: ZIMA INJINI

Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, na hakina gharama hata ya senti moja.

Weka gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono na uweke mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi. Zima injini. Kanyaga klachi hadi mwisho, kisha uingize gia moja baada ya nyingine: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano kama iko, na revasi. Gia moja ikigoma kidogo, usilazimishe. Huenda meno yamekutana ncha kwa ncha. Achilia klachi ukiwa fri, ondoa mawe na ulegeze breki, lisukumeni gari kidogo tu, kama upana wa kiganja, kisha ufunge breki na kujaribu tena.

Sasa rudisha gari fri, washa injini, kanyaga klachi hadi mwisho na ujaribu gia zile zile gari likiwa limesimama.

Majibu ni matatu:

(a) Injini ikizimwa gia zote zinaingia vizuri, lakini ikiwaka zote zinakataa au zinalia. Hapa mshukiwe klachi. Giaboksi isifunguliwe.

(b) Gia zinakataa hata injini ikiwa imezimwa. Hapa klachi haina kosa. Angalia leva ya gia na viunganishi vyake, kisha ndani ya giaboksi.

(c) Gari likiwa limesimama gia zote zinaingia sawa, injini ikiwa imezimwa au imewaka, lakini barabarani kuna gia moja inayolia au kuruka. Hapa ndipo giaboksi yenyewe inaweza kuwa imechoka.

Kama kikundi chenu kitakumbuka jambo moja tu katika makala hii, mkumbuke hili: zima injini ujaribu, kisha washa ujaribu.

3. KIPIMO CHA PILI: HESABU HADI KUMI

Kama mmepata jibu la (a), hakikisheni. Injini ikiwa imewaka na kunguruma polepole, gari likiwa fri, kanyaga klachi hadi mwisho na usiingize gia bado. Hesabu pole pole moja hadi kumi. Halafu ingiza revasi taratibu.

Ikiingia kimya, klachi inaachia. Ile kelele ya kila siku huenda ni haraka ya dereva tu, kwa sababu shafti ya giaboksi huendelea kuzunguka kidogo baada ya klachi kukanyagwa, nayo huhitaji muda itulie. Ikilia hata baada ya kumi, klachi haiachii kabisa.

Kisha jaribu kupampu pedali mara tatu au nne haraka haraka na uingize gia. Kama sasa inakubali, shida iko kwenye mafuta au silinda. Ama mafuta yamepungua, ama hewa imeingia, ama mpira umechakaa.

4. KLACHI ISIPOACHIA: ANZA NA VYA BEI NDOGO

Kapeti. Msicheke. Kapeti iliyojikunja chini ya pedali huizuia isifike mwisho. Itoe na ujaribu tena.

Kopo la mafuta. Fungua boneti utafute kopo dogo la mafuta ya klachi. Yakiwa chini ya alama, yamekwenda wapi? Mafuta haya hayachomeki kama ya injini. Yakipungua sana, kuna mahali yanavuja. Inua kapeti upande wa dereva uguse ukuta nyuma ya pedali. Ukipata unyevu wenye utelezi, silinda ya juu inavuja. Kisha tazama silinda ya chini kando ya giaboksi. Vuta kidogo mpira unaofunika mdomo wake. Mafuta yakitiririka, umempata mwizi.

Mwendo wa silinda ya chini. Mtu mmoja akanyage klachi injini ikiwa imezimwa, mwingine atazame kijiti kinachosukuma foku. Katika magari mengi kinapaswa kusogea zaidi ya sentimita 1. Kikisogea kidogo tu, mafuta hayasukumi sawasawa. Wakati mwingine silinda ya juu haivuji nje hata tone, lakini ndani mpira wake umechoka na mafuta yanarudi nyuma. Dalili yake ni pedali inayozama pole pole ukiendelea kuikanyaga.

Mpira mpya ni wa bei ndogo sana ukilinganisha na giaboksi. Lakini mwambieni fundi awaonyeshe ukuta wa ndani wa silinda kabla ya kufunga mpira. Kama una kutu na vishimo, mpira mpya utakatika baada ya muda mfupi. Hapo ni afadhali kununua silinda nzima.

Kutoa hewa. Baada ya kazi hiyo lazima hewa itolewe, yaani kublidi. Wanahitajika watu wawili. Mmoja anajaza kopo, anakanyaga pedali na kuishikilia chini. Wa pili anafungua nati ndogo ya kutolea hewa kwenye silinda ya chini, mafuta yatoke na mapovu, kisha anaifunga KABLA pedali haijaachiliwa. Rudieni mpaka mapovu yaishe. Kopo lisikauke katikati ya kazi, la sivyo mtaanza upya.

Onyo: magari mengi hutumia mafuta ya breki kwenye klachi, yale ya DOT 3 au DOT 4. Someni kifuniko cha kopo au kitabu cha gari. Msitie oili ya injini hata kwa dharura, kwani huivimbisha mipira na kuiharibu yote. Mafuta yaliyotoka msiyarudishe. Mafuta ya breki hula rangi ya gari na ni sumu, kwa hiyo yasiwekwe kwenye chupa ya soda mahali watoto wanapofika.

Gari la waya. Kama gari lenu hutumia waya, tazama kama nyuzi zimeanza kukatika au kama waya umelegea. Pedali ikiwa na mchezo mwingi kabla ya kushika, klachi haiachii. Ikikosa mchezo kabisa, klachi haishiki vizuri na itaungua. Kukaza au kulegeza nati ya waya ni kazi ya dakika chache.

Ndani ya klachi. Kama mafuta ni sawa na foku inasogea vya kutosha, lakini klachi bado haiachii, basi shida iko ndani. Springi za presha pleti zinaweza kuwa zimevunjika, au foku imepasuka. Gari lililolala miezi mingi mvuani huweza kupata kutu, na sahani ikagandana na flaiwili. Hapa giaboksi lazima ishushwe, lakini kuishusha si kuifungua. Na kwa kuwa kazi ya kushusha ni kubwa, ni busara kubadilisha klachi pleti, presha pleti na beringi yake kwa pamoja, kuliko kubadilisha kimoja leo na kingine baada ya miezi mitatu.

Msichanganye shida hii na klachi inayoteleza. Klachi ikiteleza, gia huingia vizuri, lakini mkipanda mlima injini inanguruma sana na gari haliendi. Wakati mwingine husikika harufu ya kuungua. Hiyo ni sahani iliyokwisha au iliyolowa oili.

5. LEVA YA GIA NA VIUNGANISHI

Kama kipimo cha kwanza kilitoa jibu la (b), msikimbilie ndani bado. Shika leva uichezeshe. Je, inacheza kama kijiko ndani ya kikombe? Kuna bushi ndogo za plastiki au mpira mwishoni mwa leva ambazo huisha kwa miaka. Zikiisha, mkono wa dereva unasogea lakini kule chini hakuna kinachofika mwisho. Gia huingia nusu, au dereva anatafuta ya kwanza anapata ya tatu.

Magari kama Peugeot 404 na baadhi ya 504 yalikuwa na leva kwenye usukani. Hizo 504 zilijulikana sana barabara za Kenya, na mwaka 1975 gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya Safari Rally. Leva ya usukani huungana na giaboksi kwa fimbo za chuma na bushi kadhaa. Kila bushi ikilegea kidogo, ulegevu hujumlishana. Mtu mmoja asogeze leva injini ikiwa imezimwa, mwingine atazame fimbo hizo. Fimbo isiyosogea au inayochelewa ndiyo yenye kosa. Gari likinaswa kwenye gia na leva ikakataa kurudi fri, msivute kwa nguvu za watu wawili. Mara nyingi ni fimbo zilizopishana, na hurudishwa kwa mkono kutoka chini.

Angalieni pia mipira inayobeba injini na giaboksi. Mpira ukikatika, giaboksi hulala upande au hushuka, na leva haikutani tena na mahali pake. Dalili ni gia kuruka gari likipita kwenye mashimo, au leva kuruka mbele na nyuma dereva akikanyaga mafuta na kuachilia.

Jamani, kuweni waangalifu. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Wekeni stendi za chuma au magogo mapana yaliyo imara. Mawe ya kujengea na matofali hupasuka bila kutoa ilani.

6. OILI YA GIABOKSI

Vikundi vingi hubadilisha oili ya injini na kusahau ya giaboksi kabisa. Oili ikipungua, gia huwa ngumu, beringi zinalia, na sinkro huisha haraka.

Kuipima si kazi ngumu. Gari likiwa tambarare, fungua nati ya kujazia iliyo ubavuni mwa giaboksi na uingize ncha ya kidole. Katika magari mengi oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu hilo. Kama mnataka kuimwaga na kutia mpya, fungueni nati ya kujazia KWANZA, kabla ya ile ya kumwagia. Mkimwaga kisha mkute ya kujazia imeshika kutu na haifunguki, gari limelala hapo hapo.

Tazameni oili iliyotoka. Unga mwembamba wa rangi ya shaba ni uchakavu wa sinkro, na ukiwa kidogo si ajabu kwa gari kuukuu. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni meno yaliyovunjika. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji, labda gari lilivuka mto.

Oili gani itumike? Usikubali jibu la "oili ni oili". Pikapu nyingi za Kijapani hutumia oili ya gia ya namba 90 au 75W-90, ya daraja la GL-4. Baadhi ya oili za GL-5 zina dawa kali iliyokusudiwa difu, nayo huweza kudhuru pete za shaba. Peugeot 504 yenye giaboksi ya gia nne hutumia oili ya injini, wala si ile nzito ya difu. Ukiitia nzito, gia zitakuwa ngumu kila asubuhi, hasa sehemu za baridi kama Kinangop au Limuru. Kwa hiyo kama gia zenu hukataa asubuhi tu na zinalegea gari likipata joto, ulizeni kwanza ni oili gani iliyotiwa mara ya mwisho.

Na mkinunua gari la mtumba, fungueni nati hiyo kabla ya kulipa. Wapo wauzaji wanaotia grisi au hata unga wa mbao ndani ili kuficha kelele.

7. SASA TUSIKILIZE GIABOKSI YENYEWE

Klachi inaachia, viunganishi ni vizima, oili ni sawa. Sasa tunaweza kuishuku giaboksi.

Gia moja inalia gari likiwa mwendoni, zingine ziko sawa: sinkro ya gia hiyo imechoka. Mara nyingi ni ya pili, maana ndiyo inayofanya kazi nyingi milimani.

Gia inaruka na kurudi fri mkishuka mlima au dereva akiachilia mafuta: meno ya kola, foku ya ndani au kispringi kinachoshikilia gia kimechakaa. Lakini kagueni kwanza mipira ya kubebea giaboksi.

Kelele inasikika gari likiwa fri na klachi haijakanyagwa, nayo inaisha mkikanyaga klachi: ni beringi ya mbele ya giaboksi.

Kelele inaanza mkikanyaga klachi na kuisha mkiachilia: ni beringi ya klachi, si giaboksi.

Hata sinkro ikichoka, gari linaweza kuendelea kufanya kazi wakati mnatafuta pesa. Madereva wa malori ya zamani walijua kukanyaga klachi mara mbili. Kanyaga klachi, toa gia iwe fri, achilia klachi. Kama unashuka gia, gusa mafuta kidogo injini ipande. Kanyaga tena klachi, kisha ingiza gia. Kwa njia hii mguu wa dereva hufanya ile kazi ya makanga. Gia ikiingia kimya kwa mtindo huo, mmethibitisha kwamba ni sinkro iliyochoka, na pia mmepata nafasi ya kupumua.

8. KUZUNGUMZA NA FUNDI

Fundi mzuri hafurahii kufungua kitu kizima, na haoni haya kuulizwa. Kuuliza si ujinga. Kabla hajafungua chochote, mwenyekiti, mweka hazina na dereva wawepo, na mumwombe mambo haya:

Afanye vipimo vya injini kuzimwa na kuwashwa mbele yenu. Aeleze kwa maneno ya kawaida ni kitu gani kimeharibika na amejuaje. Aandike bei ya spea kando na bei ya kazi. Akimaliza, awape vile vipuri vya zamani mvione. Kisha gari lijaribiwe mlimani na kwa revasi kabla ya malipo ya mwisho.

Akisema giaboksi imekwisha lakini gia zote zinaingia vizuri injini ikizimwa, mwambieni kwa heshima, "Bwana fundi, hebu tuangalie klachi kwanza." Akikataa hata kuangalia, tafuteni maoni ya mtu wa pili. Kungoja siku moja ni nafuu kuliko giaboksi isiyohitajika.

9. DEREVA NDIYE MLINZI

Dereva asipumzishe mguu juu ya pedali ya klachi akiendesha. Asilishikilie gari mlimani kwa klachi, breki ipo kwa kazi hiyo. Asiweke mkono juu ya leva muda wote, maana uzito huo unakula foku ya ndani. Asitie revasi kabla gari halijasimama kabisa. Na kikundi kiwe na daftari ndani ya gari lenye tarehe ya kila oili, kila mpira na kila spea. Fundi wa kesho atasoma humo kile ambacho dereva wa leo amesahau.

Wale akina mama niliowataja hawakuweza kurudisha giaboksi waliyonunua. Waliifunika kwa gunia, ikawekwa ghalani. Mashine ya kukatia majani ilibidi ingoje mavuno mawili zaidi. Lakini dereva wao akianza kulalamika siku hizi, mweka hazina huwa na jibu moja kabla ya kuitwa fundi: "Zima kwanza injini, tuone."

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani katika kikundi chetu anajua mahali lilipo kopo la mafuta ya klachi? Twendeni wote tukalione leo.

2. Oili ya giaboksi ya gari letu ilibadilishwa lini, na ni ya aina gani?

3. Tumewahi kulipia spea kubwa na tatizo likarudi? Ni kipimo gani hakikufanywa?

4. Nani ana ruhusa ya kukubali gari lifunguliwe, na ni lazima watu wangapi wawepo?